AKIBA YA UBONGO HUWEKWA KABLA YA KUSTAAFU

Siku askari anapostaafu hurudisha ghalani kila kitu alichokabidhiwa: sare, viatu, mkanda, blanketi na bunduki. Karani huandika orodha na kutia mhuri, na mzee huyo hutoka langoni akiwa na kiinua mgongo chake na saluti ya mwisho ya walinzi wa zamu. Lakini kipo kitu kimoja ambacho karani hakidai, nacho ni saa za mchana. Kwa muda wa miaka ishirini au thelathini saa hizo zilikuwa mali ya parapanda ya alfajiri, gwaride, zamu na doria. Sasa zote ni zake mwenyewe, wala hajui azifanyie nini.

Katika nyumba nyingi za wastaafu mambo hufuata njia moja. Miezi ya kwanza huwa ya furaha: ndugu hutembelewa, paa huezekwa, shamba hupaliliwa. Baadaye kiti hutolewa barazani, redio huwekwa kando yake, na mzee huketi hapo tangu chai ya asubuhi hata giza liingie. Mkewe humwuliza, "Baba Juma, mbona hutoki hata kuwaamkia wenzako?" Naye hujibu kuwa amechoka, ijapokuwa hakufanya kazi yoyote. Miaka ikisonga, watu wa nyumbani huanza kuona mambo ya ajabu. Mzee anauliza swali lile lile mara tatu kabla ya chakula. Anakwenda dukani alikokwenda maisha yake yote, na mtoto wa jirani ndiye anayemrudisha. Hapo minong'ono huanza. Wengine husema amerogwa. Wengine husema uzee ndivyo ulivyo, na hakuna la kufanya.

Kauli zote mbili zina kasoro. Uzee hupunguza wepesi wa akili, ni kweli, kama unavyopunguza wepesi wa miguu, na mtu wa miaka sabini akisahau alipoweka miwani yake hana ugonjwa. Lakini mtu asiyejua tena miwani ni ya kazi gani, huyo ana maradhi. Waganga wa hospitali huyaita maradhi hayo dimensia, na aina yake iliyoenea zaidi ni ile iitwayo ugonjwa wa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Daktari huyo alianza kumtazama mama mmoja mjini Frankfurt mwaka 1901, Auguste Deter, aliyekuwa na umri wa miaka 51 tu na tayari ameanza kupotewa na kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, ubongo wake ulichunguzwa kwa darubini, ukaonekana umejaa uchafu na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe za fahamu. Basi si uchawi, wala si adhabu. Ni kuharibika kwa kiungo cha mwili, kama mapafu yaharibikavyo kwa kifua kikuu.

Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Wataalamu wa Nigeria na wa Marekani walishirikiana miaka mingi kuwachunguza wazee Wayoruba wa mji wa Ibadan pamoja na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, wote wakiwa wametimiza miaka 65. Majibu yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa maradhi haya yapo pande zote mbili, ila kule Ibadan wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa kama 1.35 katika kila watu 100, na kule Indianapolis 3.24. Tofauti hiyo ni kubwa, na ilipatikana kwa watu wanaotokana na asili iliyo karibu. Kwa hiyo namna mtu anavyoishi ina neno katika jambo hili.

KIKOSI CHA AKIBA

Mwaka 1988 daktari mmoja wa Marekani, Robert Katzman, pamoja na wenzake, walitoa habari iliyowashangaza waganga wengi. Walikuwa wamechunguza ubongo wa wazee 137 waliofia katika nyumba ya kutunzia wakongwe, ambao akili zao zilipimwa walipokuwa hai. Kati yao walikuwako kumi ambao ubongo wao ulijaa uharibifu ule ule aliouona Alzheimer, lakini katika uhai wao walikuwa timamu, wakijibu maswali sawa na wale wenye akili nzuri kupita wote. Walipotazamwa zaidi, ilionekana kuwa ubongo wa wazee hao kumi ulikuwa mzito kuliko wa wenzao, na chembe kubwa za fahamu zilikuwa nyingi zaidi.

Maana yake askari hawezi kukosa kuifahamu. Jeshi lenye kikosi kimoja tu, adui akivunja safu ya mbele, vita vimekwisha. Jeshi lenye kikosi cha akiba hupigwa mbele, likaziba pengo, na raia walio nyuma wasijue kuwa kuna askari walioanguka. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Maradhi yanaweza kuingia na kuharibu, lakini aliyejiwekea njia nyingi za fahamu hupita kwa njia ya pili pale ya kwanza inapokatika. Wataalamu huita jambo hilo akiba ya ubongo. Akiba hiyo haizuii adui asije. Humchelewesha tu, na kwa mtu wa miaka sabini na mitano, kucheleweshwa kwa miaka michache ni jambo kubwa, kwani huenda ikawa ndiyo tofauti baina ya kuwajua wajukuu wake hadi siku ya mwisho na kutowajua.

Akiba hiyo huanzia utotoni, kwa kusomeshwa. Huongezeka kwa kazi inayomtaka mtu afikiri. Tena huongezeka kwa jambo ambalo watu wazima hulidharau, nalo ni mchezo wa mtu wakati wa mapumziko yake.

WACHEZAJI WA BRONX

Uchunguzi unaotajwa sana ni ule wa mtaa wa Bronx, mjini New York. Wazee 469, wote wamepita umri wa miaka 75 na hakuna mgonjwa kati yao, waliulizwa wanayoyafanya kujiburudisha na mara ngapi kwa juma. Kisha walifuatwa mwaka baada ya mwaka. Wengi walifuatwa kwa miaka mitano hivi, wengine kwa muda mrefu zaidi sana, na 124 wakapata dimensia. Mwaka 2003 Daktari Joe Verghese na wenzake walitoa majibu. Waliopungukiwa na hatari ya ugonjwa walikuwa ni wale waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubao na karata, na kupiga ala za muziki. Katika mazoezi ya mwili, kama kutembea, kuogelea na kupanda ngazi, ni moja tu lililotokea wazi kuwa na faida hiyo, nalo ni kucheza dansi.

Hapo wengine watacheka. Lakini dansi si miguu peke yake. Mchezaji husikiliza mdundo, hukumbuka hatua inayofuata, humtazama mwenzake asimkanyage, na hufanya yote hayo kwa wakati mmoja, tena mbele za watu. Wazee wa kambini waliokuwa mabingwa wa dansi siku za Jumamosi wana haki ya kuwakumbusha wake zao habari hii. Na wapiga tarumbeta na ngoma wa bendi za polisi na jeshi, ambao wenzao huwatania kuwa hawafanyi kazi, wamekaa juu ya hazina: mtu asomaye nota, akapuliza, akapiga hatua na kufuata fimbo ya kiongozi, ubongo wake wote umo kazini. Hasara ni kwamba wengi wao siku ya kustaafu huirudisha ala ghalani pamoja na sare, na hawaigusi tena.

BAO NA MWESO

Wachunguzi wa Bronx hawakuuliza habari za bao. Waliuliza habari za michezo ya kwao. Hata hivyo anayejua kinachofanyika chini ya mwembe saa kumi jioni hatahitaji kuelezwa sana kwa nini mchezo wa ubao huiamsha akili.

Ubao wa mweso wa Uganda, kama ule wa igisoro wa Rwanda na bao la Kiswahili la pwani, una mashimo 32, yaliyo katika mistari minne ya mashimo manane. Kila mchezaji ana mistari yake miwili na kete 32, na jumla ni 64. Mchezaji huchota kete za shimo moja, akazigawa moja moja akizunguka upande wake; kete ya mwisho ikiangukia penye kete, huendelea, au hula za adui zilizo mkabala. Kwa maneno ni jambo jepesi. Lakini kete zikiliwa huingizwa upande wa mlaji na kugawiwa tena, na mgawo huo waweza kuzaa ulaji mwingine, na huo mwingine tena, hata ubao mzima ukabadilika sura kwa mkono mmoja. Hakuna kete inayobaki mahali pake kama askari wa sataranji anayengoja zamu yake. Aliyehesabu vibaya mgawo wa kwanza amekosea yote yanayofuata.

Katika mweso kila mchezaji huzipanga kete zake apendavyo kabla ya pambano, kama kamanda apangaye vikosi. Katika bao la pwani mpango wa mwanzo umewekwa na desturi: kete kumi ubaoni na 22 mkononi kwa kila upande, nazo huingizwa moja moja katika sehemu iitwayo namua, zikiisha mkononi, mchezo huingia mtaji, na mtindo wa kucheza hugeuka. Mchezaji yampasa kukumbuka kama nyumba yake ingali hai, kuamua alale au asafiri, na kuona kabla ya kuchota kete itakayoangukia kimbi. Mtaalamu wa Uholanzi Alex de Voogt alikwenda Unguja kuwachunguza mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya mipaka ya akili ya mwanadamu kwa jinsi alivyoona hesabu zinavyofanywa kichwani na watu hao, ambao wengi wao hawakupata kuwa walimu wa hesabu popote.

Tena bao halichezwi na wawili. Wawili huketi, lakini kumi husimama. Hao kumi hucheka, hukosoa, huapa kuwa wangefanya vingine, na mzee aliyefiwa juzi husahau msiba wake kwa saa moja. Jambo hili si dogo. Tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia ambayo mwanadamu aweza kuyapunguza, na upweke ulikuwamo, pamoja na huzuni ya kudumu. Tume hiyo ilikadiria kuwa kama mambo yote 14 yangeondolewa, wagonjwa 45 katika 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa.

Wako wanaopinga wakisema bao la kambini haliendi bila pombe. Basi waiache pombe na walishike bao, kwa kuwa unywaji wa kupita kiasi nao umo katika orodha ile ile ya 14.

KINACHOFAA NI KILE KIGUMU KIDOGO

Mama wa nyumbani aweza kuuliza yeye afanye nini, maadam hana saa moja ya kukaa chini ya mwembe. Jibu lake lilipatikana katika jimbo la Texas, ambako Profesa Denise Park aliwakusanya watu 221 wenye umri wa miaka 60 hadi 90. Wengine walifundishwa kupiga picha kwa kamera na kuzirekebisha kwa kompyuta. Wengine walifundishwa kushona mablanketi ya viraka. Wengine yote mawili. Walijifunza kwa muda wa miezi mitatu, kama saa kumi na tano kwa juma. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo, safari na michezo isiyotaka kujifunza jambo jipya, na jingine lilikaa nyumbani na kazi nyepesi kama kusikiliza muziki. Mwaka 2014 majibu yalitolewa: waliojifunza kazi mpya na ngumu kumbukumbu zao ziliongezeka nguvu, hasa wale wa kamera. Waliokaa na mambo waliyoyazoea hawakupata faida hiyo.

Basi tofauti haiko katika jina la kazi. Mama aliyesuka mkeka wa nakshi ile ile tangu alipokuwa mwari anaweza kuusuka akiwa amefumba macho, na ubongo wake umelala huku vidole vikifanya kazi. Akimwendea jirani wa kabila jingine na kumwomba amfundishe nakshi ya kwao, akakosea, akafumua, akaanza tena, hapo ndipo ubongo unapoamka. Kadhalika na kitambaa cha kufuma, kwaya yenye nyimbo mpya, upishi wa chakula cha kwao mwanajeshi mwenzake mume. Nyumba za askari zina bahati ambayo vijiji havina: mlango kwa mlango huketi watu wa makabila kumi, na lugha kumi. Mwenye kujifunza lugha ya jirani yake hata kwa salamu na bei za sokoni hupata mwalimu asiyedai ada.

Redio ni kitu chema, na gazeti ni chema zaidi kwa kuwa humtaka mtu asome. Lakini redio inayonguruma tangu asubuhi bila mtu kuibishia ni kama mvua iangukayo juu ya bati: hupiga kelele ikapita. Mzee akiisikiliza habari, kisha akamsimulia mkewe au akabishana na jirani, imemfaa.

Na miguu isisahauliwe. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake, huko Marekani, walitangaza kuwa wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Moja likatembea kwa kasi siku tatu kila juma kwa mwaka mzima, jingine likanyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hupungua uzeeni, iliongezeka kiasi cha asilimia 2 kwa watembeaji, na kwa wengine ikapungua. Askari aliyetembea doria maisha yake yote, kisha akaacha kutembea siku alipostaafu, ameitupa dawa aliyokuwa akilipwa ainywe.

MZEE AKIACHA MCHEZO WAKE

Hata hivyo yapasa jambo hili lisemwe lote, kwa sababu wako wauzaji wa vitabu na mashine wanaoahidi kuwa anayecheza hawezi kuugua. Ahadi hiyo si ya kweli. Katika Uingereza walifuatwa wanawake wapatao 850,000, ambao kwa wastani walikuwa na umri wa miaka 60 walipoulizwa kama husoma, kama wamo katika vikundi vya ufundi, muziki au kazi za kujitolea. Walifuatwa kwa muda wa miaka 16 hivi. Majibu yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wasioshiriki mambo hayo walionekana kuugua zaidi katika miaka kumi ya kwanza. Lakini ilipopita miaka kumi, tofauti hiyo ilikaribia kutoweka.

Namna ya kufahamu jambo hilo ni hii. Dimensia haianzi siku mzee anapopotea njia. Huanza chini kwa chini miaka mingi kabla, na moja katika mambo ya kwanza inayoyaondoa ni hamu ya michezo. Mtu huacha bao kwa kuwa tayari hesabu zimeanza kumshinda, naye huona haya kushindwa mbele za vijana. Wapimaji wakija baadaye husema: huyu hakucheza, ndiyo maana ameugua. Kumbe huenda ni kinyume: alikuwa ameanza kuugua, ndiyo maana hakucheza. Ukweli yamkini uko pande zote mbili, na hakuna aliyepatwa na hasara kwa kucheza bao ili kungoja wataalamu wamalize ubishi wao.

Lakini kwa familia funzo hili lina thamani kuliko ahadi zote. Mzee aliyekuwa bingwa wa karata, naye ghafula amekuwa mtazamaji tu. Mama aliyekuwa kiongozi wa kwaya, naye sasa hasemi ila kuwa ana udhuru. Fundi wa kufuma aliyeacha kitambaa nusu kwa miezi sita: hao wasisemwe kuwa ni wavivu au wana kiburi. Wapelekwe hospitali. Huko huenda ikaonekana kuwa masikio yake hayasikii tena, na kwa aibu hujitenga na watu. Kutosikia na kutoona vizuri, vyote viwili, vimo katika orodha ya Lancet, na vyote vina msaada wake. Huenda ikawa ni huzuni, ambayo hutibiwa. Huenda ikawa ni upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, au damu iliyovuja taratibu chini ya fuvu baada ya kuanguka bafuni, mambo ambayo huiga dimensia na ambayo yakitibiwa mapema mgonjwa aweza kurudiwa na akili zake. Kumwita mtu wa namna hiyo mzee aliyeishiwa ni kumnyima tiba iliyo karibu.

Na kama ni dimensia yenyewe, bado mchezo haujakwisha kazi yake. Bao la kujifunza, lenye kete mbili mbili katika kila shimo, laweza kumfaa aliyeshindwa na lile kubwa. Nyimbo za ujanani hukumbukwa hata majina ya watoto yanapokuwa yamepotea. Familia isimpime kwa maswali ya kumwaibisha, "Babu, mimi nani?" mbele ya wageni. Heri mjukuu aketi, aseme, "Shikamoo babu, mimi Juma, nimekuja tucheze."

NGUMI

Upo mchezo mmoja unaopendwa mno kambini ambao hauwezi kusifiwa katika habari hizi. Ndondi humfundisha kijana ushujaa, pumzi na nidhamu, na mabondia wengi wa Afrika walitoka katika majeshi na polisi. Lakini tangu mwaka 1928 daktari wa New Jersey, Harrison Martland, alieleza hali ya mabondia wanaopepesuka kama walevi, wenye ulimi mzito na fikra zilizochelewa, kwa sababu ya mapigo mengi ya kichwa. Floyd Patterson alitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Helsinki mwaka 1952, na mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 21, alimshinda Archie Moore akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mwaka 1998 alikuwa mwenyekiti wa chombo cha serikali kinachosimamia ndondi katika jimbo la New York. Alipohojiwa na wanasheria alishindwa kukumbuka mambo makubwa ya maisha yake mwenyewe, hata jina la mtu aliyempiga ili kuupata ubingwa. Alijiuzulu, na alifariki mwaka 2006 akiwa na ugonjwa wa Alzheimer.

Mpira wa miguu nao una upande wake. Mwaka 2019 wataalamu wa Glasgow walilinganisha waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland, 7,676, na raia wa kawaida. Wachezaji walikufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo, jambo linalosifu mazoezi. Lakini vifo vya maradhi ya kuharibika ubongo vilikuwa kama mara tatu na nusu zaidi kuliko vya raia. Wengi hudhani kuwa kupiga mpira kwa kichwa miaka na miaka ndiyo sababu.

Makocha wa vikosi wanaweza kupunguza mapigo ya kichwa katika mazoezi, na kumzuia bondia aliyeangushwa asirudi ulingoni mpaka daktari aseme. Mke wa bondia mstaafu naye ajue kuwa hasira mpya na usahaulifu wa mumewe huenda chanzo chake kikawa ulingoni, si nyumbani mwake.

KUANZA MAPEMA

Katika Finland watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 walichaguliwa, na nusu yao wakafuatiliwa kwa miaka miwili wakipewa mambo manne kwa pamoja: chakula chema, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kupimwa shinikizo la damu na mengine yanayohusu moyo. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa hao walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko wenzao waliopewa nasaha tu. Faida haikuwa kubwa, lakini ilikuwapo. Kwa hiyo mzee anayecheza bao kila siku huku shinikizo lake la damu halijapimwa kwa miaka mitano anajaza maji katika mtungi wenye ufa.

Aliye bado kazini asingoje barua ya kustaafu. Mchezo unaoanzwa mtu akiwa na miaka arobaini humkuta akiwa na wenzi wa kucheza nao. Unaoanzwa akiwa na sabini, humlazimu kwanza kuwatafuta. Koplo atakayeomba kufundishwa gitaa na mwenzake wa bendi, sajini atakayelima bustani ya mboga na kuandika daftari la mbegu na siku za kuota, mke wa afisa atakayejiunga na darasa la kushona badala ya kununua vilivyoshonwa, wote hawa wanaweka akiba ambayo mhasibu hawezi kuikata.

Aliyekwisha kustaafu naye hajachelewa, maana wale wa Texas walikuwa na umri wa hadi miaka 90. Ubao wa mweso wa kuchonga una bei yake, lakini mashimo 32 yachimbwayo ardhini kwa kijiko hayana bei, na mbegu 64 za porini huokotwa na watoto kwa asubuhi moja. Kinachobaki ni kumpata mtu wa kuketi upande wa pili, na huyo aghalabu yuko nyumba ya tatu, ameketi barazani, redio iko kando yake.